Maji Yakichoka

Mimi ni mtu wa kupima tope. Kila mwaka, mafuriko yakishapungua, natembea kutoka ukingo wa mto mpaka kwenye matete ya kinamasi, mahali ambapo zimesimikwa nguzo kumi na mbili za chuma. Nainama mara kumi na mbili, na kila nguzo naiuliza swali lile lile: umezama kiasi gani? Nguzo haisemi. Naweka vidole vyangu kati ya alama ya mwaka jana na uso mpya wa udongo, nahesabu, naandika. Kidole kimoja, vidole viwili, katika miaka ya neema shubiri nzima. Halafu nainuka, nikishika kiuno, nakwenda kwenye nguzo inayofuata. Nimefanya hivyo miaka thelathini na mmoja. Au sitini. Kitabu cha vipimo nilikirithi kwa mpimaji aliyenitangulia, naye aliitwa Wayu kama mimi, na mwandiko wake unafanana na wangu hata pale ulipokwisha wake na kuanza wangu pamefutika. Siku hizi, uchovu ukinizidi, nakumbuka mafuriko yaliyotokea kabla sijazaliwa. Nakumbuka baridi yake miguuni. Watu wa bondeni hawatutofautishi. Husema tu, "Mpimaji kaja."

Jambo moja nimejifunza, na nimelilipia kwa mgongo wangu. Mto ukiwa na nguvu hautoi kitu. Ukiwa na nguvu hubeba. Hunyang'anya milima udongo wake, ukakimbia nao kama mwizi sokoni. Ni pale unapovuka kingo zake, ukatanda mashambani na kukosa pa kukimbilia, ndipo unapochoka, na ukichoka huanza kutua mizigo. Kwanza mchanga, papo hapo ukingoni, kwa sababu mzigo mzito ndio wa kwanza kushushwa. Kisha udongo wa katikati. Ule laini kabisa, laini kama unga wa wanja, maji huendelea nao mpaka kwenye matete, na huko, yakishasimama kabisa, huteremka kidogo kidogo kwa siku nyingi, bila sauti, mpaka maji yawe meupe na chini pawe na ardhi ambayo jana haikuwapo. Kwa hiyo bonde hili lote, migomba yake, mpunga wake, makaburi na nyumba zake, limejengwa kwa uchovu. Tumekula uchovu wa mto tangu babu zetu. Nami hujiuliza, nikiwa nimeinama pale, kama na mtu ni hivyo hivyo: kwamba alipokuwa mbioni hakuwa chochote, na kile kilichobaki alipochoka ndicho yeye. Swali hilo lilikuwa likinifariji. Halinifariji tena.

Halinifariji kwa sababu ya Ukuta.

Mamlaka waliujenga Ukuta juu huko, milimani, ili maji yageuze magurudumu na mji uwake taa. Sisi hatukuuona. Tuliyaona maji tu. Mwaka wa kwanza yalileta vidole vitatu, mwaka wa pili viwili, wa tatu na wa nne kimoja kimoja. Kisha yakaja maji safi. Watoto walishangilia kuona vidole vyao vya miguu chini ya maji ya mafuriko, wazee hawakushangilia. Yalikuwa maji yaliyokwisha kupumzika kwingine. Yalichoka nyuma ya Ukuta, yakaacha kila kitu huko, na kwetu yakaja mikono mitupu.

Palikuwa na ahadi. Siku Ukuta ulipokuwa unaanza kujengwa, Mamlaka waliwaahidi watu wa bondeni kwa maandishi kwamba tope likikosekana kabisa miaka mitatu mfululizo, milango ya chini ya Ukuta itafunguliwa msimu mmoja, mto upite na mzigo wake. Na shahidi wa ahadi hiyo ni mmoja tu. Ni mpimaji.

Nitasema mapema, ili nisiwe mwongo mara mbili. Mwaka wa kwanza wa maji safi nilipeleka kitabu kwa Karani Mkuu kikiwa na sifuri kumi na mbili. Karani Mkuu si mtu mbaya. Ni mtu mwenye kikohozi, ofisi yake haina dirisha, na ana namna ya kukuuliza, "Wewe ni yule Wayu wa kwanza au wa pili?" hata ukaanza kutafuta jibu. Aliziangalia sifuri zangu kwa muda mrefu. "Milango ile ikifunguliwa," aliniambia, "mji mzima utakaa giza msimu mzima. Hospitali, visima, shule, vyote. Wayu, kidole kimoja ni nini? Tope la kidole kimoja hata mjusi halimfichi. Andika kimoja." Nilikuwa nimetembea siku mbili. Miguu ilikuwa imevimba. Niliandika kimoja. Mwaka uliofuata hakuhitaji kuniambia.

Hivyo ndivyo nilivyorudi bondeni mwaka wa tatu.

Kufika, nilikuta nyumba nyingi zimefungwa kwa kamba za ukindu. Mpunga ulikuwa umesimama shambani bila kujaza, rangi ya majani ya chai yaliyokwisha kutumika. Watu walikuwa wanahamia milimani, na waliobaki walikuwa wanafunga virago. Bi Habona nilimkuta uani kwake, ameshika sepetu, na ndugu yake Buya amekaa juu ya kinu kilichopinduliwa, akimtazama kama mtu anayemtazama mgonjwa.

"Mpimaji," alisema Bi Habona. "Umekuja wakati mzuri. Mikono yako bado ina nguvu?"

"Kidogo, dada."

"Kidogo chatosha. Nisaidie kuchimba."

Buya akatikisa kichwa. "Mwambie wewe, pengine atakusikia. Punda wapo tayari tangu jana. Yeye anataka kuchimba nyumba."

Nyumba gani? Nilijua. Kila mtu bondeni alijua. Bi Habona alipoolewa alijenga mahali pale pale penye ua wake wa sasa, na mafuriko yakaifukia nyumba ile kidogo kidogo, mwaka baada ya mwaka, mpaka kizingiti kikawa sawa na ardhi na mlango ukawa dirisha. Wakajenga nyingine pembeni, juu ya kichuguu cha udongo. Ya kwanza ikabaki chini. Hakuna aliyehuzunika wakati ule. Nyumba kufukiwa ilikuwa dalili ya shibe. Lakini katika nyumba ile ndiko alikozaliwa bintiye Maridhia, na kitovu chake kikazikwa kando ya mafiga, kama ilivyo ada. Maridhia aliishi miaka saba. Homa ya msimu wa matete ilimchukua, na kaburi lake lilikuwa kwenye mwinuko, ng'ambo, ambako mto uliwahi kuhama ukalibeba.

"Siendi milimani mikono mitupu," Bi Habona alisema. "Kaburi sina. Nitachukua udongo wa pale kilipozikwa kitovu chake. Kiganja kimoja tu. Mkinicheka nichekeni, lakini nisaidieni."

Hatukumcheka. Tulichimba.

Mtu akichimba katika bonde la mto haendi chini tu. Anakwenda nyuma. Nilikuwa nimepima tope lile kidole kwa kidole kutoka juu, maisha yangu yote, sikuwahi hata siku moja kuliona kutoka ubavuni. Kila mafuriko yalikuwa yamelala juu ya wenzake kama mikeka dukani, mstari mweusi, mstari wa kahawia, uzi mwembamba wa mchanga pale maji yalipokuja kwa hasira. Bi Habona aliujua kila mstari kwa jina. Hapa mwaka wa nzige. Hapa mwaka Buya alipooa. Hapa, shubiri nzima ya udongo mweusi unaong'aa, mwaka wa Mafuriko Makubwa, watu walipolala juu ya miembe siku tisa na kuvuna magunia yasiyohesabika. Kadiri shimo lilivyokuwa linashuka, sauti yake nayo ilishuka umri. Shimo liliponifika kifuani nilimsikia akicheka juu yangu, cheko la msichana, na nilipoinua macho kwa dakika moja niliona mwanamke wa miaka ishirini ameshika karai, ana tumbo la mimba, ananiuliza kama maji yatafika mlangoni mwaka huu. Nilimjibu kwamba yatafika. Nadhani nilimjibu. Hata mimi mgongo ulikuwa hauumi.

Buya alikuwa anavuta karai kwa kamba. Alasiri ya siku ya pili sepetu yangu iligonga jiwe, na lilikuwa figa.

Bi Habona alishuka mwenyewe. Alipiga magoti pale chini, akapapasa figa la kwanza, la pili, la tatu, bado yana masizi, akaweka kiganja ardhini upande wa kulia wa jiko na akakaa hivyo. Mimi na Buya tulitazama pembeni. Tulimsikia akisema na mtu, maneno ya kawaida kabisa, ya kumwambia mtoto avae nguo. Akafunga udongo ule katika upindo wa kanga, akafunga fundo mara mbili.

Angepanda ngazi wakati ule, huenda hadithi hii ingekuwa nyingine, naye angekwenda milimani asijue lolote. Lakini alikuwa amechoka, akaegemea ukuta wa shimo, akaanza kuhesabu mistari kutoka chini kwenda juu, kama mtu anavyohesabu watoto wake kabla hawajalala. Alihesabu mpaka juu kabisa. Pale alisimama.

"Mpimaji. Njoo hapa."

Nilishuka.

"Hii ni miaka ya Ukuta," alisema, akionyesha. "Vitatu. Viwili. Kimoja, kimoja. Sivyo?"

"Ndivyo."

"Baada ya hapa sioni tope." Aliipitisha kucha yake kwenye mstari wa juu, na vipande vya majani makavu vikadondoka, na vumbi, na ganda la konokono. "Majani. Majani juu ya majani. Mafuriko matatu, ya mwaka huu yakiwamo, na hakuna hata tope la kumpaka sisimizi. Juzi Buya alisomewa tangazo la Mamlaka kwenye banda la mikutano. Linasema kipimo cha mwaka juzi ni kidole kimoja, cha mwaka jana kidole kimoja. Ndiyo maana milango haifunguliwi." Akanigeukia. Uso wake ulikuwa umerudi kwenye umri wake. "Kidole kimoja hicho kiko wapi? Nionyeshe."

Nimewahi kuota mara nyingi kwamba naulizwa swali hilo, na katika ndoto nilikuwa na jibu refu sana. Hospitali. Shule. Uchovu. Mimi ni nani mbele ya Mamlaka. Pale shimoni nilikuwa na ubavu wa miaka sitini tu, ukinitazama.

"Hakipo," nilisema. "Niliandika uongo."

"Mara ngapi?"

"Mbili."

Juu yetu Buya aliiachia kamba, karai likaanguka na kupiga kelele. "Watu wamekwisha kuondoka!" alipiga kelele. "Nyumba arobaini! Mzee Jilo amefia njiani! Wewe, wewe uliyekula ugali wetu…"

"Buya, nyamaza," alisema Bi Habona, bila kupaza sauti. Nilikuwa nangoja anipige, ningeshukuru. Akasema, "Nilidhani ni Mungu. Miaka miwili mizima nimekuwa nikitafuta nilimkosea nini. Kumbe ni wewe." Kisha akaanza kupanda ngazi. Alipofika juu, kivuli chake kikinifunika, akasema, "Nenda ukaandike kilichopo. Leo hii."

Nilipima nguzo zote, kisha nikaenda. Siku mbili za njia nilitembea siku moja na nusu, na sikumbuki kulala.

Ofisini kwa Karani Mkuu mambo yalikuwa yale yale, hata makarani wa ukumbini hawakuwa wamezeeka kwa siku moja. Niliweka kitabu mezani. Nilimwambia nimeandika sifuri kumi na mbili, na kwamba sifuri za miaka miwili iliyopita zilikuwa kweli na nilizifuta, na kwamba nataka kuzirudisha.

Alikohoa katika leso. "Wewe ni yule wa kwanza au wa pili?"

"Mimi ni yule aliyeandika uongo."

Jibu hilo lilimshtua kidogo, akanitazama kama anaona uso badala ya kofia. Lakini alikuwa mtu wa karatasi. "Kilichopigwa mhuri hakifutwi, Wayu. Nikikufutia wewe, kila mtu atakuja na kifutio. Sifuri ya mwaka huu naipokea. Ni ya kwanza." Aliinua vidole viwili. "Zimebaki mbili."

"Watakufa njaa, bwana."

"Zimebaki mbili," alirudia, na kwa mara ya kwanza niliona kwamba naye amechoka, amechoka zaidi yangu pengine, na kwamba uchovu wake ulikuwa haujawahi kuacha kitu chochote mahali popote. Nikamwogopa kwa hilo kuliko kwa cheo chake. Akapiga mhuri, nikaondoka.

Nilitarajia kukuta ua mtupu. Buya na punda walikuwa wameondoka kweli. Bi Habona alikuwa shimoni.

Nilimweleza yote kutoka juu, nimesimama kwenye ukingo kama mshitakiwa. Miaka miwili, nilimwambia. Alisikiliza huku anaendelea na kazi, na kazi yenyewe ilinichukua muda kuielewa. Alikuwa amelipanua shimo likawa na ukubwa wa chumba. Kwenye upanuzi huo, katika udongo mweusi wa Mafuriko Makubwa, ambao ulikuwa bado na unyevu na harufu ya samaki, alikuwa amesia mpunga.

"Juu ni vumbi," alisema. "Shibe yote iko huku chini. Kwa nini niende milimani kuomba, na shibe yangu nimeilalia? Chukua sepetu. Wewe utachimba la pili."

Nikachimba la pili, na la tatu. Familia tano zilizokuwa hazijaondoka zilikuja kuangalia, zikacheka, kisha zikaenda kuleta majembe. Tuliishi miaka miwili hivyo, watu wa mashimo. Tulilima katika miaka iliyopita. Asubuhi ungesikia sauti zikitoka ardhini, mtu anamwomba jirani chumvi kutoka mwaka wa nzige, na jirani anamjibu kutoka mwaka mwingine. Haikutosha, nisiseme uongo tena, haikutosha. Tulikonda wote. Mama mmoja alimzika mwanawe mchanga msimu wa kwanza, na ubavu wa shimo moja ukamwangukia mzee mmoja akavunjika mguu. Lakini hatukufa sote, na hatukuondoka.

Bi Habona hakunisamehe. Hakusema hivyo, wala hakuwa na haja. Alinipa chakula sawa na wengine. Ila kila mafuriko ya maji meupe yalipopungua, alinifuata nguzo kwa nguzo, na pale nilipoinama naye aliinama.

"Soma kwa sauti," aliniambia.

"Sifuri."

"Niandikie niione."

Hakuwa amesoma, lakini alijifunza alama ile, duara tupu, na alingoja mpaka kalamu ilipofunga mviringo wake. Mara kumi na mbili mwaka ule. Mara kumi na mbili mwaka uliofuata. Nilipeleka sifuri ya pili, nikapeleka ya tatu, na Karani Mkuu, ambaye sasa alikuwa anakohoa hata akiandika, alizipiga mhuri bila kuniuliza mimi ni nani.

Milango ilifunguliwa. Hatukuambiwa siku. Tulijua mchana mmoja, jua likiwa utosini, kwa sababu mto ulibadilisha sauti. Ulikuwa unaimba kwa koo jembamba miaka yote ile, na ghafla ukawa na kifua. Kisha yakaja, maji mazito ya rangi ya chai ya maziwa, yakiviringisha magogo na povu. Watu walishuka ukingoni, wengine wakachota kwa viganja wakayatia mdomoni, wakasikia mchanga kwenye meno, wakalia. Yalivuka kingo. Yakaingia mashimoni, shimo moja baada ya jingine, na mpunga wetu wa mwisho ukazama mbele ya macho yetu, siku kumi kabla ya kuvunwa. Hakuna aliyekimbia kuuokoa. Tulikwenda kwenye mwinuko, tukakaa huko siku ishirini na mbili, tukiwatazama korongo wakisimama mahali palipokuwa na nyua zetu, na maji yakitembea polepole, na polepole zaidi, mpaka yakaacha kutembea.

Yalipopungua tuliteremka, Bi Habona na mimi mbele. Bonde lilikuwa limefutwa. Hapakuwa na mashimo, wala nyayo, wala mpaka wa mtu. Udongo mpya ulikuwa umepasuka vipande vipande vyenye kingo zilizokunjamana, na chini ya miguu ulikuwa baridi.

Kwenye nguzo ya kwanza nilipiga magoti. Nilichimbua mpaka kwenye alama, nikaweka vidole, nikahesabu mara mbili.

"Vinne," nilisema.

Bi Habona alipiga magoti upande wa pili wa nguzo, akautoa mkono wangu kwenye tope, si kwa nguvu, akaweka wake. Vidole vyake vilikuwa vinene, vya sepetu. Alivishindilia kimoja baada ya kimoja, akijisemea. Sikumwambia kwamba vyangu vimekonda miaka hii, na kwamba huenda sote wawili tulikuwa tunasema kweli.

"Vitatu," alisema. "Andika vitatu."

Nikaandika vitatu. Aliinuka, akajipangusa tope kwenye kanga, akaanza kutembea kuelekea nguzo ya pili, nami nikamfuata.